Daraja la obfs4 au proksi ya Snowflake: ipi iwe kwenye seva, ipi ibaki nyumbani?

Nakshi254 ameuliza:

Habari zenu wakuu,

Nina seva ndogo ya kukodi iliyoko Ujerumani: Debian 12, RAM GB 1, anwani moja ya IPv4 isiyobadilika, kifurushi cha TB 1 kwa mwezi. Nyumbani Nairobi nina faiba ya Mbps 20 na kompyuta ndogo inayowaka saa zote. Nataka vyote viwili vitumike kuwafungulia njia watu waliozuiwa mtandaoni, iwe ni Iran, Urusi au hapa kwa majirani zetu kila uchaguzi unapokaribia.

Sitaki kuendesha relei ya kutokea ya Tor (mtandao unaoficha mtumiaji kwa kupitisha data yake kwenye mashine kadhaa, yaani relei; ya kutokea ndiyo ya mwisho, inayofungua tovuti), kwa sababu malalamiko yote humrudia mwenye anwani. Naona zimebaki njia mbili za kumwingiza Tor mtu aliyezuiwa: daraja la obfs4 na proksi ya Snowflake. Naomba wanaozijua wanieleze ipi iwe wapi. TB 1 itatosha, au mwisho wa mwezi nitaletewa bili ya ziada? Mwenye proksi anaona nini, na yeye anaonwa na nani? Na je, kuna chochote hapa kinachosaidia mtandao ukizimwa wote, kama Uganda Januari 2021?

---

FundiSeva:

Daraja liende kwenye seva ya Ujerumani, Snowflake ibaki nyumbani.

Sababu ni anwani. Mtumiaji wa daraja hupewa mstari wenye anwani yako na poti yako. Anwani ikibadilika, mstari ule umekufa na yeye hajui kwa nini. Kwa hiyo daraja linataka anwani ya umma isiyohama, inayopokea miunganisho kutoka nje, na mashine isiyozimwa. Snowflake imejengwa kwa wazo la kinyume: proksi ni nyingi, zinakuja na kuondoka, na mzuiaji anachoka kufukuza anwani za majumbani zinazobadilika kila mara.

Relei za kawaida za Tor ziko kwenye orodha ya wazi. Serikali yoyote inaweza kuipakua asubuhi na kuzifunga zote mchana. Daraja ni relei isiyo kwenye orodha hiyo. obfs4 inaongeza kinga juu yake: pakiti zinaonekana kama baiti za nasibu zisizo na umbo la itifaki inayojulikana, na seva haimjibu mtu asiye na cheti kilichoandikwa kwenye mstari wa daraja. Mkaguzi anayebisha hodi kwenye poti ili athibitishe kwamba hapo pana Tor anaondoka bila jibu. Kwa sababu hiyohiyo, usitumie anwani ambayo iliwahi kuwa relei ya wazi. Ilishaingia kwenye orodha za watu.

Kazi yenyewe ni hii:

```
sudo apt update
sudo apt install tor obfs4proxy
```

Kisha kwenye faili ya mipangilio ya Tor, /etc/tor/torrc:

```
BridgeRelay 1
ORPort 5061 IPv4Only
ServerTransportPlugin obfs4 exec /usr/bin/obfs4proxy
ServerTransportListenAddr obfs4 0.0.0.0:443
ExtORPort auto
ContactInfo barua-pepe-yako
Nickname JinaLaDaraja
```

ORPort (poti ya Tor yenyewe) iwe namba yoyote isipokuwa 9001. Hiyo inajulikana kuwa ya Tor na wazuiaji huitafuta kwa kupekua mtandao mzima. Poti ya obfs4 nimeiweka 443 kwa makusudi: mitandao mingi ya ofisi, vyuo na hoteli hufunga karibu kila kitu lakini huacha 443, kwa kuwa bila hiyo tovuti hazifunguki. Nickname ni herufi na namba tu, zisizidi 19, bila nafasi. ContactInfo weka barua pepe unayoifungua kweli, maana daraja likiwa na hitilafu ndipo watakapokuandikia.

Poti iliyo chini ya 1024 hairuhusiwi kwa programu isiyo ya root, na hapa ndipo wengi hukwama. Mpe obfs4proxy ruhusa hiyo peke yake:

```
sudo setcap cap_net_bind_service=+ep /usr/bin/obfs4proxy
sudo systemctl edit tor@.service
sudo systemctl edit tor@default.service
```

Katika faili zote mbili za systemd andika:

```
[Service]
NoNewPrivileges=no
```

Halafu `sudo systemctl daemon-reload`, kisha `sudo systemctl restart tor`. Fungua poti zote mbili, 443 na 5061, za TCP. Soma logi kwa `sudo journalctl -e -u tor@default`. Unatafuta mistari miwili: unaosema `Registered server transport 'obfs4'` na unaosema ORPort inafikika kutoka nje. Ukiuona mmoja tu, kazi haijaisha.

Jambo ambalo miongozo mingi huliruka: kila obfs4proxy inaposasishwa na apt, faili ya programu hubadilishwa na ruhusa ya setcap hupotea. Daraja litaendelea kuonekana lipo kwenye ORPort, lakini obfs4 haipo, na watu hawapiti. Baada ya kila sasisho la kifurushi hicho rudia setcap na uanzishe Tor upya.

Kuhusu data. Mbps 1 ikienda bila kusimama kwa siku 30 ni kama GB 324 kwa upande mmoja. Daraja hutoa kile linachoingiza, basi ni GB 648 kwa pande zote. Soma mkataba wa seva yako: wapo wanaohesabu kinachotoka tu, wapo wanaohesabu vyote. Kama wanahesabu vyote, ongeza:

```
RelayBandwidthRate 170 KBytes
RelayBandwidthBurst 1 MBytes
AccountingStart month 1 00:00
AccountingMax 450 GBytes
```

AccountingMax huangalia upande uliotumia zaidi, haijumlishi pande mbili. Ukiandika 450 unaweza kumaliza GB 900. Ukiandika 1000 ukidhani umelinda TB 1 yako, unaweza kumaliza TB 2. KB 170 kwa sekunde ni takriban GB 15 kwa siku kila upande, yaani unafika mwisho wa mwezi bila kugonga kikomo. Nisingetegemea AccountingMax peke yake, kwa sababu kikomo kikifika Tor hulala, na mwezi unaofuata huenda isiamke tarehe 1 kamili. Huchagua yenyewe muda wa kuamka. Daraja linalolala siku kumi humuumiza mtu aliyelitegemea kuliko daraja la polepole.

Mwisho, hifadhi nakala ya saraka ya /var/lib/tor/keys na faili ya /var/lib/tor/pt_state/obfs4_state.json mahali salama. Seva ikiharibika na ukarudisha hivyo viwili kwenye anwani ileile, mistari iliyokwisha kugawiwa inaendelea kufanya kazi.

---

Mkunazi:

FundiSeva kamaliza upande wa daraja. Niongeze upande wa Snowflake, maana faiba ya nyumbani ina mambo yake.

Ingia kwanza kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10., basi huna anwani ya umma. Mtoa huduma amekuweka wewe na wateja wengine nyuma ya anwani moja (mbinu hii huitwa NAT). Hapo daraja haliwezekani kabisa, hata ufungue poti zote za ruta. Snowflake itafanya kazi bado, kwa sababu yenyewe ndiyo inayotoka kwenda nje.

Safari iko hivi. Mtu aliyezuiwa anafungua Tor Browser na kuchagua Snowflake. Kivinjari chake kinamtafuta dalali, na ombi hilo hupitishwa kwenye huduma kubwa ya kusambaza tovuti, hivyo mzuiaji anaona ziara ya kawaida kwenye anwani ambayo hathubutu kuifunga. Dalali anamuunganisha na proksi iliyo huru, mfano yako. Kati yenu mnatumia WebRTC, teknolojia ileile ya simu za video ndani ya kivinjari. Proksi yako inapeleka data kwenye seva ya daraja ya Snowflake, na kutoka hapo inaingia kwenye relei za Tor.

Unachoona wewe ni anwani ya IP ya mtu huyo, kiasi cha data na muda aliokaa. Tovuti anayoitembelea huioni, wala maandishi yake huyaoni. Tovuti nayo haikuoni wewe. Inaona relei ya kutokea iliyo kwingine. Ndiyo maana malalamiko hayaji kwako. Mtoa huduma wako anaona kwamba una miunganisho ya WebRTC na anwani nyingi ngeni, na muunganisho wa kudumu na seva za Snowflake. Ukiwa kwenye nchi ambayo hilo lenyewe ni tatizo, usiendeshe.

Kwa kompyuta yako ndogo:

```
docker run -d --name snowflake-proxy --network host --restart unless-stopped thetorproject/snowflake-proxy:latest -capacity 10
```

Usiondoe `--network host`. Bila hiyo Docker inaongeza NAT yake juu ya NAT ya ruta yako, na proksi itakuwa ngumu kufikiwa. `-capacity 10` ni idadi ya watu kwa wakati mmoja; usipoiandika hakuna kikomo. Kwa faiba ya Mbps 20 inayotumiwa na familia, 10 inatosha kuanzia. Kwenye Debian 12 kuna pia `apt install snowflake-proxy`, lakini toleo lake ni la zamani na matoleo mapya ya Snowflake mara nyingi huja kujibu mbinu mpya za kuzuia. Mimi ningekaa na Docker na kuivuta upya mara kwa mara.

Angalia logi kwa `docker logs snowflake-proxy`. Kila saa moja huandika muhtasari wa miunganisho iliyofanikiwa na data iliyopita. Saa zenye sifuri ni za kawaida kabisa, usianze kuvunja ukuta kutafuta kosa.

Mstari wa kuutazama kwa makini ni ule wa aina ya NAT: `restricted` au `unrestricted`. Watu wengi wanaotumia data ya simu wako nyuma ya NAT kali ya kampuni ya simu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuunganishwa na proksi ambayo nayo ni `restricted`. Wawili waliojifungia ndani hawafunguliani. Dalali humtafutia proksi iliyo wazi, na hizo ndizo adimu. Kwa hiyo kama ruta yako ina anwani ya umma, inafaa kuhangaika kidogo: elekeza poti za UDP 40000 hadi 40100 kwenye kompyuta yako ndogo, kisha mwishoni mwa amri ya juu ongeza `-ephemeral-ports-range 40000:40100`. Upana wa poti uwe angalau mara mbili ya capacity.

Wazo linalomjia kila mtu ni kuweka Snowflake pia kwenye seva ya Ujerumani kwa sababu ina anwani ya umma. Usifanye kwenye anwani yenye daraja. Mzuiaji anaweza kujifanya mteja wa Snowflake na kukusanya anwani za proksi anazopewa. Akiifunga anwani yako, daraja lako linaondoka nayo.

Jambo moja tena, na hili nalisisitiza kwa sababu linarudiwa kila penye msukosuko: kiendelezi cha Snowflake cha Firefox au Chrome hakimfungulii mtu mtandao. Kinamgeuza kuwa proksi ya wengine. Aliye kwenye nchi iliyozuiwa anatakiwa kutumia Tor Browser au Orbot (programu ya Tor ya simu) na kuchagua Snowflake humo ndani. Ukimtumia ndugu yako kiungo cha kiendelezi ukidhani unamsaidia, umempa kazi na bado amefungiwa. Vilevile "Kindness Mode" ya Orbot kwenye simu ni ya kutoa msaada, si ya kupokea.

---

BintiMkoani:

Dada Nakshi, swali lako la mwisho ndilo zito na jibu lake ni hapana. Kuzuia na kuzima ni mambo mawili.

Uganda 2021 inaonyesha tofauti hiyo ndani ya siku mbili. Tarehe 12 Januari mitandao ya kijamii na ya ujumbe ilizuiwa. Siku hiyo Tor, VPN na madaraja vilikuwa na kazi, kwa sababu waya ulikuwa mzima. Jioni ya tarehe 13, mkesha wa kura, intaneti yote ikakatwa hadi tarehe 18. Hapo daraja lako la Ujerumani lingekaa wazi bila mtu wa kupita. Mtandao uliporudi, Facebook iliendelea kufungwa, na zana zikawa na kazi tena. Congo walizimiwa kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, kwa wiki karibu tatu. Tanzania Oktoba 2020 ilikuwa kuzuia, Twitter hasa. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa kuzima. Kenya nako Telegram ilizuiwa wakati wa mitihani ya KCSE, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, lakini huduma nyingine zilibaki.

Kwa hiyo zana zinapangwa kwa hatua, na karibu zote ni lazima ziwe kwenye simu kabla ya siku yenyewe. Tovuti ya Tor na maduka ya programu huwa miongoni mwa vya kwanza kufungwa. Tovuti ikiwa imefungwa tayari, mtu anaweza kutuma barua pepe kwa gettor@torproject.org na kujibiwa viungo vya kupakulia kutoka kwingine. Mstari wa daraja hupatikana kwa kuandika kwa bridges@torproject.org, lakini barua itoke Gmail au Riseup. Ikitoka kwingine haijibiwi. Telegram ikiwa bado wazi, kuna @GetBridgesBot. Apk (faili ya kusakinisha programu ya Android) ikipokewa kutoka mkono hadi mkono, aliye na kompyuta aikague saini yake ya kidijitali kwa programu ya GPG kabla ya kuisambaza. Wakati wa fujo ndipo apk za kughushi huenea, na aliyeiweka hujitia mwenyewe mikononi mwa anayemkimbia.

Mtandao ukizimwa kabisa, programu huria ninayoiamini ni Briar, ya Android. Hutuma ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi simu zikiwa karibu, na intaneti ikiwepo hupita kwa Tor. Mipaka yake ielezwe wazi. Bluetooth ni ya mita chache, si mtaa mzima. Ujumbe binafsi hauruki kutoka simu hadi simu ya watu wengine. Unakwenda moja kwa moja kwa mlengwa mkikutana. Kinachosambaa ni machapisho ya majukwaa na vikundi: A anakutana na B asubuhi, B anakutana na C jioni, na C anasoma alichoandika A. Mawasiliano yaongezwe mapema, ana kwa ana, kwa kuskani msimbo wa QR. Briar ina sehemu ya kujigawa yenyewe kwa simu nyingine bila intaneti. Jifunzeni kuitumia siku ya amani.

Na sheria isisahaulike. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano (TCRA) ilitoa tangazo tarehe 13 Oktoba 2023 likitaka watumiaji wa VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 mwezi huo, chini ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Aliye Dar si sawa na aliye Nairobi, na aliye Nairobi si sawa na aliye Berlin. Usimwambie mtu "weka tu, haina shida" wakati atakayeulizwa kituoni ni yeye. Kuendesha daraja au proksi kuachiwe walio nje ya nchi inayozuia. Kiufundi pia ndivyo inavyofaa, kwa sababu daraja lililo ndani ya nchi iliyozuiwa nalo limezuiwa kufika kwenye relei nyingine.

---

Nakshi254:

Asanteni sana, nimefuata hatua zote. Logi inasema `Registered server transport 'obfs4' at '0.0.0.0:443'`. Lakini nikipima poti kwenye bridges.torproject.org/scan, 443 na 5061 zote zinaishia kwenye kusubiri hadi muda unakwisha. ufw nimeruhusu zote mbili. Na mstari wa daraja uliopo kwenye faili una maneno badala ya namba, je niuache hivyo?

---

FundiSeva:

Kusubiri hadi muda uishe maana yake pakiti zinamezwa njiani. Kama Tor isingekuwa inasikiliza, ungepata kukataliwa papo hapo. Kwa kuwa logi yako ni safi, hakikisha kwa `sudo ss -tlnp`: uione obfs4proxy kwenye 443 na tor kwenye 5061. Zikiwepo, kizuizi kiko nje ya Debian. Kampuni nyingi za seva zina faiawoli yao kwenye ukurasa wa mteja, tofauti kabisa na ufw, na kwa kawaida huanza na poti 22 peke yake. Fungua humo 443 na 5061 za TCP, zinazoingia, kutoka anwani zote. Kisha anzisha Tor upya ili ijipime tena.

Mstari wa daraja uko /var/lib/tor/pt_state/obfs4_bridgeline.txt na ndiyo, unaujaza mwenyewe:

```
Bridge obfs4 <IP ADDRESS>:<PORT> <FINGERPRINT> cert=... iat-mode=0
```

Anwani ni ya seva yako. Poti ni ya obfs4, yaani 443. Wengi huandika ya ORPort hapa na daraja linaonekana bovu kumbe mstari ndio mbovu. Fingerprint itoke kwenye faili ya /var/lib/tor/fingerprint. Kuna faili jirani iitwayo hashed-fingerprint. Hiyo si ya mstari, ni ya kutafutia daraja lako kwenye Relay Search bila kulianika. Litaonekana humo baada ya saa kama tatu. Cert usiiguse hata herufi moja.

Usikate tamaa ukiona watumiaji sifuri wiki za mwanzo. Madaraja hugawiwa kwa njia mbalimbali, wengine kwa tovuti, wengine kwa barua pepe, wengine kwa Telegram, na baadhi ya njia huwa kimya hadi pawe na uzuiaji mahali. Tena takwimu za watumiaji hukusanywa kwa mafungu ya nane ili kulinda watu, hivyo "8" inaweza kuwa mtu mmoja.

---

Mzizi_wa_Data:

Jamani, kabla ya kutangaza kwamba mtandao fulani umezuiwa, pimeni. Kila uchaguzi husambaa picha za simu zikisema "X imefungwa", nusu yake ni hitilafu ya kampuni, na wahusika wakikanusha hatuna cha kuwaonyesha.

OONI Probe ni programu huria, ipo kwa simu na kompyuta. Inajaribu kufungua tovuti kutoka kwenye mtandao wako, inalinganisha na majaribio ya tovuti hiyohiyo kutoka mahali pasipozuiwa, kisha inachapisha matokeo kwenye explorer.ooni.org ndani ya dakika chache. Ina vipimo maalumu vya WhatsApp, Telegram, Signal na Tor yenyewe. Endesha mara mbili: kwa data ya simu, halafu kwa Wi-Fi ya kampuni nyingine. Zima VPN kwanza, la sivyo unapima mtandao wa nchi ya VPN.

Soma matokeo kwa uangalifu. "Anomaly" (jambo lisilo la kawaida) haijawa ushahidi. Seva ya tovuti inaweza kuwa imeelemewa. Tazama undani wake. Jina la tovuti likijibiwa kwa anwani ya uongo, hapo DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani) imechezewa, na mara nyingine kubadilisha DNS kunatosha kupita. Muunganisho ukifika vizuri halafu ukakatwa mara tu kivinjari kinapotaja jina la tovuti wakati wa kuanzisha TLS (usimbaji wa muunganisho), hapo kuna kifaa kinachokagua pakiti, DNS haisaidii, na Tor yenye daraja ndiyo inayohitajika. Matokeo yakijirudia kwa kampuni tatu saa moja, hapo una hoja.

Orodha za tovuti zinazopimwa ziko GitHub chini ya Citizen Lab, faili moja kwa kila nchi: ke.csv, tz.csv, ug.csv, cd.csv. Yeyote anaweza kupendekeza nyongeza. Angalieni kama magazeti na mashirika mnayoyafuata yamo; yasipokuwemo hayapimwi, na yasipopimwa hakuna kumbukumbu ya siku yalipofungwa.

Tahadhari: OONI hutembelea tovuti nyeti pia, na mtoa huduma wako anaona. Matokeo ni ya wazi, yakiwa na jina la mtandao na nchi. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua aina za tovuti, au kuendesha kipimo cha programu za ujumbe peke yake.

---

Nakshi254:

Faiawoli ya kampuni ndiyo ilikuwa. Poti zote mbili sasa zinafikika. Swali la mwisho: kuna kikundi cha waandishi nje ya Kenya ninaotaka walitumie daraja hili peke yao. Niache ligawiwe kwa kila mtu au niwatumie wao tu?

---

FundiSeva:

Kodisha seva ya pili kwa ajili yao. Daraja linalogawiwa kwa wote linaweza kumfikia mzuiaji pia, maana naye anaweza kuomba mistari kama mtu mwingine, na likifungwa linafungwa kwa waandishi wako. Kwenye daraja lao ongeza `BridgeDistribution none` kwenye torrc tangu siku ya kwanza, kabla Tor haijajitangaza hata mara moja. La sasa liache `any`, ambayo ndiyo chaguo-msingi.

Mstari watumie kwa Signal, si kwenye kundi kubwa la WhatsApp. Waubandike kwenye Tor Browser, sehemu ya mipangilio ya muunganisho, pale pa kuongeza daraja unalolijua. Kwenye simu, Orbot nayo inapokea mstari uleule na inaweza kupitisha programu nyingine za simu. Wajaribu sasa hivi wakati hakuna kilichofungwa, wauache humo, na wawe na Snowflake kama akiba.

Kama wako kwenye mtandao unaoruhusu trafiki iliyo na sura ya tovuti tu, obfs4 itashindwa hata kwenye 443, kwa sababu baiti za nasibu zenyewe ndizo zinazoshukiwa. China hufanya hivyo. Hapo tafuteni WebTunnel, ambayo Tor waliitangaza Machi 2024: hujificha ndani ya HTTPS ya kweli, inahitaji jina la kikoa, cheti cha TLS na nginx mbele yake. Ukifika huko fungua mada mpya, mipangilio yake ni mirefu.